Neno la Mhariri: Jibu la Pili

Katika masimulizi ya marabi wa kale kimehifadhiwa kisa cha mtu asiye Myahudi aliyemwendea Yohanan ben Zakkai, mwanachuoni mkuu wa karne ya kwanza, yule aliyewakusanya wanafunzi mjini Yavne baada ya Warumi kuliteketeza Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, akamwuliza habari za ng'ombe mwekundu ambaye Torati inaamuru achomwe, na majivu yake yatiwe katika maji ya kumtakasia mtu aliyegusa maiti. Akasema kwamba mambo hayo, kwa jinsi yeye ayaonavyo, hayana tofauti na uganga. Rabi hakukasirika. Alimwuliza kama amepata kumwona mtu aliyepandwa na pepo, akafukizwa mizizi na kunyunyiziwa maji hata pepo akamtoka. Na mgeni alipokiri kwamba amepata kuyaona, rabi akamwambia kuwa habari ya ng'ombe nayo ni hiyo hiyo, maana najisi ni pepo wa namna yake. Mgeni akaenda zake ameridhika. Ndipo wanafunzi, ambao muda wote walikuwa wameketi kimya, walipomgeukia mwalimu wao wakamwambia kuwa huyo amemsukuma kwa unyasi tu, na wao je, atawaambia nini? Akawajibu ya kwamba maiti hanajisi wala maji hayatakasi kwa nguvu yake mwenyewe. Ni amri ya Mwenyezi Mungu, na mja hakupewa ruhusa ya kuidai sababu yake.

Hoja yote ya toleo hili imo katika kisa hicho. Tumekusanya humu maulizo ambayo wasomaji wa Kiswahili, Waislamu kwa Wakristo, aghalabu huuliza juu ya itikadi na ibada za Wayahudi, na kila aliyekubali kuyajibu tulimwekea sharti moja: atuandikie jibu la pili, lile walilopewa wanafunzi mgeni alipokwisha kutoka. Jibu la kwanza lina adabu yake, wala sitaki kulidharau: humchukua muulizaji pale alipo, humsemesha kwa mambo anayoyajua, na humrudisha kwake pasi na uchungu. Lakini lina upungufu usiofichika, nao ni kwamba mtu yule aliondoka na pepo wale wale aliokuja nao kichwani. Habari za Wayahudi hakuondoka nazo hata chembe. Na sisi watu wa pwani, ambao mafusho na pepo si mambo mageni kwetu, tungalitikisa vichwa kwa kukubali upesi kuliko yeye.

Mtu atauliza kwa nini basi Wayahudi wenyewe, ambao hawakosi maneno, walizoea kutoa jibu la kwanza. Sababu ni kwamba aliyeulizwa mara nyingi hakuwa na hiari, na nyuma ya swali palikuwa na serikali. Mwaka 1806 Kaisari Napoleon aliwaita mjini Paris wakuu wa Wayahudi wa milki yake, zaidi ya mia moja kwa idadi, na kikao chao cha kwanza kikawekwa tarehe 26 Julai, siku ya Jumamosi, jambo ambalo kwa watu wa Sabato lilikuwa mtihani kabla ya mtihani. Siku tatu baadaye wakasomewa maulizo 12: je, ni halali kwa Myahudi kuoa wake wengi, je, talaka yao huthibiti pasi na hukumu ya mahakama ya nchi, je, Myahudi aweza kuoana na Mkristo, je, Mfaransa asiye wa dini yao wamhesabu kuwa ndugu ama mgeni, je, Ufaransa ni nchi yao, na wataihami, je, sharia yao yawaruhusu kuwatoza wageni riba? Walipofikia swali la kuihami nchi, wajumbe walipaza sauti wakasema mpaka kufa.

Sishangai kwamba walipaza sauti. Ninachokistaajabia zaidi ni jibu lao juu ya ndoa, maana Kaisari alikuwa akitamani ndoa za mchanganyiko zizidi hata Wayahudi wayeyuke katika taifa lake, na kumpa neno hilo kungalikuwa rahisi. Walimjibu kwamba ndoa iliyofungwa kwa sheria ya nchi ni ndoa, na Myahudi aliyeifunga hatoki katika kundi lake kwa ajili hiyo, walakini marabi hawatakuwa tayari kuibariki, kama vile mapadre wa Kikatoliki nao wasivyokuwa tayari. Humo jibu la pili lilichungulia mlangoni, likavumiliwa. Mwaka uliofuata baraza la watu 71, walioliita Sanhedrini kwa kulikumbuka lile la kale, likakaa chini ya Rabi David Sinzheim wa Strasbourg na kuyathibitisha majibu yale. Na malipo ya utiifu wote huo yakaja tarehe 17 Machi 1808, ilipotoka amri ya kubana mikopo, biashara na makazi ya Wayahudi katika sehemu kubwa ya milki kwa muda wa miaka 10. Waliojibu kwa kuridhisha hawakuridhiwa.

Wala aliyejibu waziwazi hakusalimika. Mwaka 1263, mjini Barcelona, Rabi Moses ben Nahman wa Girona aliamriwa kujadiliana mbele ya Mfalme James wa kwanza wa Aragon na Pablo Christiani, Myahudi aliyekuwa ameingia Ukristo, juu ya suala la kama Masihi amekwisha kuja au bado. Rabi aliomba kwanza ruhusa ya kusema kwa uhuru, akapewa. Na katika yale aliyoyasema lilikuwamo hili, kwamba manabii waliahidi kuwa katika zama za Masihi vita vitakoma, na tangu siku za Yesu mpaka siku ile ya mjadala dunia imejaa jeuri na kumwaga damu. Kwa masimulizi yake mwenyewe, mfalme alimsifu na kumpa zawadi ya fedha. Lakini rabi alipoyaandika yale aliyoyasema, akashitakiwa kwa kuitukana dini ya nchi, na ikamlazimu kuhama. Mwaka 1267 alikuwa Yerusalemu, mzee wa miaka sabini na kitu, mbali na watoto wake. Wasomaji wetu Wakristo watalikuta swali la Masihi katika toleo hili, na jibu lake halikulainishwa kwa ajili yao. Na wasomaji Waislamu watakaotaka kujua kwa nini Wayahudi husema unabii ulikoma kabla ya Muhammad nao watajibiwa vivyo hivyo. Hapana mfalme kwetu wa kumhamisha mtu, na nadhani twaweza kustahimiliana.

Maulizo yaliyotufikia kwa wingi, hata hivyo, hayahusu Masihi. Yahusu chungu na sufuria, na hapo ndipo nilipofurahi, maana Uyahudi ni dini ambayo humo jikoni wanachuoni wake wametumia akili nyingi sawa na zile ambazo wengine wamezitumia mbinguni. Msomaji wetu huja akiwa ameisoma Torati, au amesikia habari zake katika Kurani, akadhani amewajua Wayahudi. Asijue kwamba Myahudi wa leo huishi kwa Torati kama ilivyofasiriwa na marabi, katika mijadala ya Talmudi iliyokusanywa Babeli yapata mwaka 500, na katika hukumu zilizotolewa juu yake karne baada ya karne. Ningeweza kusema kwamba hayo ni kama Kurani na fiqhi, na nusu ya wasomaji wangeitikia. Lakini hapo mimi mwenyewe ningekuwa nimekwisha kuushika unyasi.

Heri tutazame mfano. Torati, mara tatu, inakataza kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake. Kutokana na hayo marabi walikataza nyama yoyote ya mfugo kupikwa na maziwa yoyote, kisha kuliwa pamoja, kisha wakaingiza na kuku, ambaye hana maziwa, wakatenga vyombo vya nyama mbali na vya maziwa, wakaweka na muda wa kungoja baina ya mlo huu na huu. Muulizaji hutaka kujua kama ni kwa ajili ya afya. Jibu la kwanza lingemwambia ndiyo, yumkini ni afya. Jibu la pili lamwambia kwamba ni amri, na kwamba wanaoishika wamejenga juu ya amri hiyo elimu nzima. Biriani iliyolainishwa kwa mtindi haitaingia kwao, lakini nyama iliyopikwa kwa tui la nazi haimo katika katazo, kwa kuwa tui halitoki kwa mnyama. Na hata hapo pana neno: Rabi Moses Isserles wa Kraków, aliyefariki mwaka 1572, akizungumza juu ya maziwa ya lozi, aliandika kwamba mwenye kupikia humo nyama ya mfugo aziweke lozi kando ya chakula, ili mtazamaji asimdhanie kuwa amevunja sharia. Sijui kanuni nyingine ya jikoni iliyomfikiria mpita njia kwa kiasi hicho.

Katika vya baharini, kila kisicho na mapezi na magamba pamoja ni haramu kwao. Basi changu huliwa, na pweza, ngisi, kamba na kaa huachwa, na msomaji wa Lamu au Mtwara awaonee huruma akipenda. Ngamia naye, ambaye Waislamu humla, kwao haliwi, kwani hucheua lakini kwato zake hazikupasuka. Juu ya Sabato mwandishi wetu ameandika kwa urefu, nami naongeza hili tu, kwamba desturi ya kuianza siku jua linapotua, ambayo huwatatiza wasomaji wa Ulaya, kwetu haihitaji maelezo, na kwamba Myahudi wa Nairobi, ambako jumuiya yao ilifungua sinagogi tangu mwaka 1913, huipokea Sabato karibu saa ile ile mwaka mzima, ilhali mwenziwe wa Stockholm huipokea alasiri wakati wa baridi na usiku wakati wa joto.

Wako majirani zetu ambao swali lao halikuishia katika kuuliza. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza katika upande wa mashariki wa Uganda, aliisoma Biblia iliyofasiriwa kwa Kiganda na wamishonari, akauliza kwa nini waliomletea kitabu hawakifuati, na mwaka 1919, karibu na Mbale, akatahiriwa pamoja na wanawe na kujitangaza kuwa Myahudi. Mwaka uliofuata Myahudi mmoja mpita njia alikaa naye miezi kadhaa akamfundisha kalenda, sala na namna ya kuchinja. Kizazi chake cha kiroho, Abayudaya, kiliivuka hata marufuku ya Idi Amin juu ya dini yao. Mwaka 2002 mamia yao walipita mbele ya mahakama ya marabi, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, akapewa urabi mjini Los Angeles. Hawa huulizwa kutoka pande mbili: majirani huwauliza wamekuwaje Wayahudi, na Wayahudi wa mbali huwauliza swali lile lile.

Kanuni zetu wenyewe nazisema kwa ufupi. Maulizo juu ya dola ya Israeli na vita vyake hayamo humu. Yana mahali pake na ni mazito, lakini mtu wa Mbale anayeulizwa juu ya mkate wake wa Pasaka hakupewa ubalozi. Shutuma zilizovaa kanzu ya maswali tumezirudisha. Na pale ambapo Wayahudi wenyewe hawakuafikiana hatukuwapatanisha: juu ya mwanamke kuwa rabi, kwa mfano, mtaona kwamba watu wa madhehebu ya Reform wa Marekani walimpa mwanamke cheo hicho mwaka 1972 na Conservative mwaka 1985, ilhali walio wengi katika Orthodox hukataa, na kila mmoja amesema hoja yake. Talmudi nayo huiandika rai ya aliyeshindwa kando ya rai ya aliyeshinda.

Baadhi ya wasomaji watauliza aliko Hillel, mwanachuoni wa kale, na yule mtu aliyetaka afundishwe Torati yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Nimemwacha makusudi, kwa kuwa kisa chake hunukuliwa mno, na sehemu yake ya mwisho, ile ya kumwamuru muulizaji aende akasome, haikosi kusahauliwa na wanaokinukuu.

Limebaki suala la akhera, lililoulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo fupi kuliko yote, nusu ukurasa. Torati yasema machache mno juu ya hayo. Maimonides, mwanachuoni wa zama za kati, aliuweka ufufuo wa wafu katika misingi 13 ya imani, na bado alishutumiwa kwamba hauamini barabara, hata ikambidi aandike risala ya kujieleza, na waliokuja baada yake hawakuafikiana juu ya namna yake. Tulimrudishia mwandishi karatasi yake tukamwomba airefushe kidogo. Aliileta tena baada ya siku chache, imepungua sentensi mbili.