Jiwe Limepona, Ujirani Je?

Wapo wanaoshikilia kwamba bila hoteli za kitalii, Mji Mkongwe wa Unguja ungekuwa kifusi. Sipingi yote. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilikuwa mali ya serikali, na bado sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Mimi mkazi wa Buzuruga nililala huko siku mbili, katika nyumba ya kale iliyogeuzwa hoteli. Kuta za mawe ya matumbawe zimesiribwa chokaa, boriti za mikoko zimerudishiwa. Kazi safi! Lakini nilimwona bawabu akimwondoa barazani mzee aliyeketi kupumzika. Baraza, ndugu msomaji, lilijengwa ili jirani na mpita njia wakae.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mji ule zilitaifishwa, wakawekwa humo watu wa kawaida. Je, sasa ukarabati uwe njia ya kuwatoa? Basi atakayekarabati majengo ya zamani hapa Mwanza apewe sharti moja: vyumba viwe vya mwenye dola, baraza libaki letu sote.