Si mashine mbovu, ni waya zilizolegea

Pampu ya maji ikizimika kando ya Ziwa Kivu, wakaaji wa Goma na wahami wa vita hupewa jibu lile lile: «Mashine ilikuwa mbovu, mungoje ingine.» Basi wanangoja. Mama anaamka saa kumi ya usiku, watoto wanabeba bidoni za lita 20 mpaka ziwani, na maji wanayorudisha hayana klori. Katika mji unaojua kipindupindu, huko si kusumbuka tu. Ni kuhatarisha maisha.

Jibu hilo halitoshi. Mara nyingi kinachoungua ni kontrola, lile sanduku linaloamuru mwendo wa mota, na kisa kinaweza kuwa skrubu moja tu. Pampu inatikisika kila siku, waya zinapata moto mchana na kupoa usiku, skrubu inalegea polepole. Mahali palipolegea umeme unapita kwa shida, cheche zinaruka, joto linapanda. Mota ya waya tatu ikikosa mmoja, ile miwili inabebeshwa mzigo wote. Kontrola inajizima ili ijilinde. Mlinzi anabonyeza tena, na tena, mpaka moshi unatoka.

Wengine watasema ni radi, ao umeme unaopanda na kushuka. Ni kweli, hayo pia yanaua kontrola. Lakini sanduku lifunguliwe mbele ya kamati ya maji: waya iliyolegea huacha alama, plastiki iliyoyeyuka na shaba iliyokuwa nyeusi. Kununua kontrola mpya bila kukaza waya ni kuandaa moshi mwingine.

Aibu si ya mlinzi ambaye hakufundishwa. Ni ya wale wanaokuja kuzindua pampu, wanapigwa picha, wanaondoka bila kuacha fundi anayelipwa wala bisibisi. Pesa ya mashine inapatikana. Ya kuitunza, hapana.

Dawa si ngumu. Fundi akate umeme, angoje dakika zilizoandikwa kwenye kontrola, maana inabaki na umeme ndani hata ikizimwa, kisha akaze kila skrubu, aandike tarehe katika daftari. Afanye hivyo mwezi wa kwanza, kisha kila miezi mitatu. Na kamati idai kuliona daftari hilo.

Wahami wamekwisha kupoteza nyumba na mashamba. Wasinyimwe na maji kwa sababu ya skrubu.