Mtoto Anataka Kuigiza, Tapeli Anataka Laki Tatu

Los Angeles, California

Kwa wazazi, walezi na walimu wa Kitaji, Nyasho, Mwisenge, Bunda na Butiama, mkoani Mara.

Kuna ujumbe ambao Wanamara wengi walioko ughaibuni wanaujua. Kijana wa kidato cha pili ana kipaji. Video yake akimwigiza mwalimu wa zamu imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na sasa "kampuni ya Dar" imemwona na kumchagua kwa tamthilia mpya. Kimebaki kitu kidogo tu: ada ya fomu, picha za kitaalamu, na ya kutolea. Shangazi aliyeko Houston anaombwa laki tatu kabla ya Ijumaa kwa sababu nafasi ni chache. Anatuma. Wiki inayofuata inatakiwa nauli, kisha bima, kisha pesa ya mavazi. Siku mtu wa nyumbani anapouliza usaili ni lini na wapi, namba haipatikani.

Barua hii inaandikwa kwa ajili ya huyo kijana, na kwa ajili ya shangazi pia. Kinachotapeliwa hapo ni jasho la mtu anayehudumia wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee usiku kucha, na kinachovunjwa ni moyo wa mtoto ambaye pengine kweli ana kipaji.

Watu wa nyumbani hudhani utapeli huu umezaliwa Kariakoo au Nairobi. La hasha. Hapa Los Angeles, kwenye makao makuu ya filamu za Marekani, umekuwepo miaka mingi na una taratibu zake. Mtoto husimamishwa kwenye jumba la maduka na mtu aliyevaa vizuri, ambaye anamwambia mama kwamba mwanawe ana sura ya runinga. Familia inaalikwa hotelini Jumamosi. Ukumbini viti vimejaa, skrini inaonyesha watoto maarufu, na mzungumzaji anajua kuwachekesha wazazi. Mtoto anaitwa mbele ya kamera, anapewa karatasi yenye mistari miwili ya tangazo la biskuti, anaisoma, anapigiwa makofi. Jioni simu inalia: amechaguliwa, na wengi wameachwa. Kesho yake mzazi anaingizwa kwenye chumba kidogo. Mkataba uko mezani, gharama ni dola elfu kadhaa za madarasa na picha, na punguzo linakwisha siku hiyohiyo. Mzazi anayesema aende nyumbani akafikiri anaulizwa kama kweli anamtakia mwanawe mema.

Swali hilo limewalipisha watu wengi. Wahamiaji ndio hunaswa kwa urahisi zaidi, kwa sababu walivuka bahari ili watoto wao wapate nafasi ambayo wao hawakuipata, na mtu wa mauzo anajua hivyo kabla hawajakaa kitini.

Jimbo la California lilichoka na mchezo huo. Tangu Januari 2010 inatumika sheria inayojulikana kwa jina la mbunge aliyeipeleka, Paul Krekorian, inayokataza mtu kutoza malipo ya awali kwa ahadi ya kumtafutia msanii kazi au usaili. Wakala wa waigizaji lazima awe na leseni ya jimbo na aweke dhamana ya dola 50,000, ili akimdhulumu mtu pawe na mahali pa kumfidia. Malipo yake ni asilimia, kwa kawaida asilimia 10, inayokatwa baada ya msanii kulipwa. Hata hivyo ujanja haukuisha. Mwaka 2017 mwanasheria wa jiji la Los Angeles aliwafungulia mashtaka watu 25 waliohusishwa na warsha tano ambako waigizaji walilipa pesa ili waonwe na watu wanaochagua waigizaji wa runinga na filamu. Zilikuwa zikiitwa mafunzo. Upande wa mashtaka ulisema ni usaili wa kulipia.

Katika biashara hii pesa hutoka kwa mwenye filamu kwenda kwa msanii, na wakala hula sehemu ya alichokileta. Ikianza kutoka mfukoni mwa mzazi kwenda kwa "wakala" kabla mtoto hajafanya kazi hata ya siku moja, basi mzazi ndiye biashara yenyewe.

Kenya waliliweka jambo hili kwenye filamu. Katika *Nairobi Half Life* ya David "Tosh" Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, kijana wa kijijini aitwaye Mwas anakutana na waigizaji waliotoka mjini na kumwomba mmoja wao amsaidie. Anaambiwa alete shilingi 1,000. Ana 500 tu. Zinapokelewa hizohizo, na anaambiwa nyingine azipeleke Nairobi, kwenye jumba la taifa la maigizo. Anasafiri, na mji unamla mzimamzima. Mzazi wa Musoma akipata nafasi ya kuitazama na kijana wake mwenye ndoto hii, aitazame. Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alipata tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka huohuo.

Na watafutaji wa kweli wa vipaji hufanyaje? Wao ndio huja. Mwongozaji Mira Nair alipotafuta msichana wa kumcheza mhusika mkuu, Phiona Mutesi, katika *Queen of Katwe*, filamu ya Disney ya mwaka 2016, watu wake walizunguka Kampala wakiona mamia ya watoto. Madina Nalwanga walimpata kwenye darasa la ngoma la mtaani. Hakuwa na wakala wala albamu ya picha. *Soul Boy* ya Hawa Essuman, iliyotoka 2010, ilipigwa Kibera, na watoto walioibeba walikuwa wa palepale Kibera.

Lupita Nyong'o, binti wa watu wa upande wa Kenya wa ziwa letu, Victoria, alicheza Juliet jukwaani Nairobi na kundi la Phoenix Players akiwa bado msichana mdogo. Baadaye alifanya kazi nyuma ya kamera filamu ya *The Constant Gardener* ilipopigwa Kenya, akaonekana kwenye tamthilia ya *Shuga*, kisha akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu 2012. Oscar aliipata Machi 2014. Mwigizaji wetu Steven Kanumba naye alitoka Shinyanga, akanolewa na kundi la Kaole jijini Dar es Salaam kabla jina lake halijajulikana Afrika nzima.

Hapa pana jambo linalowachanganya wazazi. Lupita alisoma, na shule hulipiwa. Kulipia mafunzo si kosa, mradi kinachouzwa ni mafunzo na si ahadi ya kazi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo ilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ni ya serikali. Ada zake zinajulikana, na malipo ya serikali hufanywa kwa kontroo namba, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Mzazi anayeambiwa atume "ada ya chuo" halafu simu ikamwonyesha jina la mtu asiyemjua, aishie hapo hapo, asibonyeze namba ya siri.

Sheria zetu nazo zina meno kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka anayepiga filamu Tanzania awe na kibali. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza: kibali cha filamu hiyo kutoka Bodi ya Filamu kiko wapi? Kampuni yenyewe imesajiliwa BRELA kwa jina gani? Afisa utamaduni wa halmashauri anaijua? Mtayarishaji wa kweli hakasiriki kwa maswali hayo. Ameshayajibu mbele ya watu wakali zaidi. Tapeli hujibu kwa kumharakisha mtu, au kwa kumwambia mtoto kwamba wazazi wake ni washamba wanaomzibia riziki.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, inampa haki ya kulipwa, na inakataza kumfanyisha kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Anayemwita binti wa miaka 13 kwenye "usaili wa usiku" gesti, peke yake, hahitaji mjadala. Aripotiwe polisi.

Maana pesa si hasara kubwa kuliko zote. Wasichana wa Afrika Mashariki wameahidiwa kazi ya kucheza dansi na kupokea wageni nchi za mbali, pasi ikachukuliwa mlangoni na wao wakaishia kuuzwa. BBC Africa Eye iliwaonyesha wakiwa New Delhi katika filamu yake ya uchunguzi, *Imported for My Body*. Tanzania ina sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, lakini sheria humfikia mtu baada ya kuumizwa. Mama hufika kabla. Mtoto asisafiri kwenda usaili bila mtu mzima wa familia, awe anakwenda Mwanza au Muscat.

Hata mkataba ukiwa halali, usomwe. Jackie Coogan alicheza na Charlie Chaplin katika *The Kid* mwaka 1921, akawa mtoto tajiri, na alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia karibu fedha zote. California ikatunga sheria mwaka 1939, na leo asilimia 15 ya mapato ya mtoto mwigizaji huwekwa kwenye akaunti asiyoweza kuigusa mtu mpaka mtoto akue. Mzazi wa Bunda anaweza kuomba jambo kama hilo liandikwe kwenye mkataba wa mwanawe, hata kama sheria haimlazimishi mtu.

Watoto wa Mara wana urithi wa jukwaa ambao haulipiwi fomu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Mwisenge, alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, ambayo kiini chake ni deni lililotiwa saini kirahisi na masharti yaliyokuja kudaiwa mwilini. Ni maigizo ya kuchezwa, si ya kufungiwa kabatini. Laki tatu za shangazi zingeweza kununulia klabu ya maigizo ya shule nakala kadhaa, kitambaa cha pazia na soda za wazazi siku ya onyesho. Kijana angesimama mbele ya watu wanaomjua, wangemwambia alipokosea, na angerudia.

Kwa aliyekwisha kutapeliwa: asifute ujumbe kwa aibu. Namba na meseji za matapeli hutumwa 15040, ile ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Risiti za muamala zipelekwe polisi, kwa sababu kujipatia fedha kwa udanganyifu ni jinai. Mtoto akiwa hatarini, simu ya 116 hupigwa bure. Nasi tulioko huku, kabla ya kutuma, tuombe jina la kampuni, namba ya usajili na simu ya mwalimu wa mtoto, tumpigie mwalimu kwanza.

Wasalaam,
Mwana wa Kitaji