MWIMBAJI ASIYE NA UPANDE NI WA NANI?

Ndugu wafanya kazi,

Wako watakaosema kwamba jambo tunaloliandika leo haliwahusu watu wa Chama. Watasema kazi ya Chama ni mshahara, saa za kazi, nyumba na matibabu, na habari za waimbaji waachiwe watu wa harusi. Sisi twasema lawahusu sana, na sababu tutaitoa.

Kila mmoja wetu ameyasikia maneno haya: "Mimi ni msanii tu, kwenye siasa simo." Bei ya unga ikipanda, simo. Watu wakiachishwa kazi, simo. Mwezi wa Juni 2024 vijana walitoka barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, Nairobi na hapa Mombasa pia, na katika nchi hii wengi wakauawa. Wako wasanii waliosimama nao, nasi twawashukuru. Lakini wako wengine, wenye majina makubwa, ambao siku zile walikuwa simo.

Uchaguzi ukikaribia mambo hugeuka. Mtu yule yule utamwona juu ya lori la mgombea pale Tononoka, amevaa fulana ya rangi ya chama, na jina la mheshimiwa limo katika kila ubeti. Mwaka mmoja tulimwomba mwimbaji wa hapa mjini aje atuimbie katika mkutano wa wafanya kazi. Alitujibu kwa adabu kwamba haingilii mambo ya vyama, maana ana jina la kulinda. Wiki tatu hazikupita, tukamwona juu ya lori. Hatumtaji, kwa kuwa si yeye peke yake.

Basi twauliza: kusifu si siasa? Kwa watu hawa, kumsifu mkubwa ni kazi, na kumuuliza mkubwa ndiyo siasa. Kipimo hiki hatukikubali. Mtu anayeimba mapenzi mwaka hadi mwaka, na asiimbe kwa mgombea yeyote, huyo hatuna ugomvi naye. Ugomvi wetu ni na yule ambaye ulimi wake hufunguka kwa malipo na kufungika kwa haki, kisha atuambie hana upande.

Sasa tueleze kwa nini jambo hili ni la Chama. Mwimbaji ni kibarua. Hana barua ya kazi, hana pensheni, hana likizo. Hulipwa kwa usiku mmoja, na kesho huanza upya kutafuta. Riziki yake imo mikononi mwa mwenye hoteli, mwenye redio, mwenye tangazo, na afisa anayetoa kibali cha onyesho. Hakuna kati yao anayehitaji kumwambia, "Nyamaza." Yatosha amwone mwenzake aliyesema akikosa kuitwa. Sisi watu wa reli na bandari twaijua hofu hiyo tangu zamani. Ukimya ni sharti la kazi lisiloandikwa, na masharti ya kazi ndiyo shughuli ya Chama.

Wako wanaosema kwamba ushairi na siasa havijapata kukaa nyumba moja. Hao hawaujui mji wao. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Mombasa ya Wamazrui iliposhindana na Lamu na Seyyid Said, tungo zake zilikuwa sehemu ya vita ile. Mtu aweza kusema kwamba naye alikuwa upande wa wakubwa. Ni kweli, lakini upande wake hakuuficha, na upande huo ulishindwa mwaka 1837. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu. Mwalimu Sikujua akazikumbuka, mmisionari Taylor akaziandika, na mwaka 1940 zikatoka kitabuni, karibu miaka mia baada ya kifo chake. Waliokaa kimya zama zake, ni nani awatajaye leo?

Tena yuko wa karibu zaidi. Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Alikuwa na kazi ya ofisini katika Manispaa, kazi ambayo wengi wangeilinda kwa kufunga mdomo. Mwaka 1968, akiwa na miaka 22, aliandika karatasi iitwayo "Kenya: Twendapi?" kuuliza serikali inatupeleka wapi. Alifungwa miaka mitatu, akatoka mwaka 1972. Gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakachapwa mwaka 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki", na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Fikirini, ndugu: serikali ya Kenyatta ilimfunga, na tuzo yenye jina la Kenyatta ikamsifu.

Lakini tusiimalizie habari hii kwa makofi. Baada ya kufunguliwa, Abdilatif alifanya kazi Dar es Salaam, kisha London, kisha Leipzig huko Ujerumani. Nabii Amosi aliposema kweli kule Betheli, kuhani Amazia alimwambia arudi kwao akale mkate wake huko. Huyu wa kwetu alifanyiwa zaidi ya hayo, maana kwao ndiko hakukuwa na mkate. Mji wa Kale wamsifu hadi leo, lakini wageni ndio waliomwajiri. Aibu hiyo si ya serikali peke yake.

Hapa twafika kwenye hoja yao kubwa: "Nina watoto." Hoja hii hatuicheki. Nasi tuna watoto. Walakini Januari 1947, wafanya kazi kama elfu 15 wa bandari, wa reli na wa majumbani waliacha kazi katika kisiwa hiki, wakakutana Kiwanja cha Maskini, na kila mmoja wao alikuwa na watu wa kulisha. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule, akawekwa kizuizini Baringo miaka mingi. Waliweza kwa sababu walikuwa pamoja. Mwimbaji yuko peke yake, na hilo ndilo tatizo lake la kwanza kabla ya woga.

Hoja ya pili ni ya fumbo. Husema, "Mimi husema kwa mafumbo, mwenye akili ataelewa." Fumbo ni mali yetu watu wa pwani, na taarabu bila fumbo ni chakula bila chumvi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini fumbo la kweli lina mlengwa, naye akilisikia hujikuna. Wimbo ambao mgombea huyu na mpinzani wake wote waweza kuucheza katika mikutano yao, huo si fumbo. Huo ni mwavuli.

Hoja ya tatu ni ya woga mtupu, nayo wasichana wa shule wameijibu. Aprili 2025, wanafunzi wa Butere Girls walifika Nakuru na mchezo wao, "Echoes of War", ambao wakubwa hawakuutaka. Mwandishi wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa. Wakaimba Wimbo wa Taifa, wakatoka bila kuucheza, na polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi. Watoto wale hawakuwa na hoteli wala lori. Mtu mzima mwenye kipaza sauti na maelfu ya wasikilizaji atatuambia nini?

Basi sisi tufanye nini? Tutazameni walivyofanya wenzetu. Paul Robeson, mwimbaji mweusi wa Marekani, alisema wazi juu ya haki za watu weusi na za wafanya kazi. Mwaka 1950 serikali yake ilimnyang'anya pasi ya kusafiria, na kumbi nyingi zikamfungia milango. Pasi hakuipata tena mpaka mwaka 1958. Nani alimpa jukwaa? Chama cha wachimba migodi. Mei 1952 walimwekea lori mpakani mwa Marekani na Kanada. Akaimba akiwa upande wa kwao, na maelfu wakamsikiliza pande zote mbili. Mwaka 1957 wachimba makaa wa Wales walimsikiliza kwa simu iliyovuka bahari. Hilo nalo lilikuwa lori, ndugu, lakini lilikuwa lori la wafanya kazi.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

1. Msanii akiitwa kwenye mkutano wetu, alipwe. Mkono mtupu haulambwi. Hatuwezi kudai ulimi wa mtu huku tukimwachia mgombea peke yake kazi ya kumlisha.

2. Msanii akikosa ukumbi au wimbo wake ukiondolewa redioni kwa sababu amesema kweli, sisi tumwite: Mei Mosi, harusini kwetu, kwenye sherehe za matawi. Hilo liamuliwe katika mkutano na liandikwe.

3. Wasanii wa Mombasa waunde umoja wao wenyewe, nasi tuwasaidie kwa ujuzi tulio nao. Kumfukuza mtu mmoja ni rahisi. Kuwafukuza wote katika msimu mmoja wa harusi ni vigumu.

4. Anayetaka kupanda lori la mgombea apande, ni haki yake. Lakini akishuka asituambie hana upande.

Wala hatumwombi mtu yeyote aimbe nyimbo za kukisifu Chama. Viongozi wetu wakila ada zetu, nao waimbwe, na kwa majina. Msanii tutakayemlipa ili atusifu tutakuwa tumemnunua kama wanavyomnunua wale wengine. Twataka mtu ambaye akiona jambo lililopotoka aweze kulisema, na kesho yake watoto wake wale.

Ndugu mnaosoma, karatasi hii ipelekeni kwa waimbaji mnaowajua. Mkutano wa tawi utakapoitwa, njoni mlijadili jambo hili, na wao waleteni.

Umoja ni nguvu.

Sisi, wafanya kazi wa reli, Mombasa