Tutazame Kwanza, Ndipo Tupige Picha



Mwaka jana, baada ya sikukuu ya Pasaka, tulitoka na vijana wa parokia kwa matembezi nje ya Lubumbashi, kwenye kilima kimoja kisicho na miti. Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha na majani yalikuwa bado mabichi. Tulipofika juu, karibu kila mmoja alitoa simu, akakipa kilima mgongo, akajipiga picha. Tuliona nyuso zenye furaha, na furaha si kosa. Binti mmoja tu alipiga magoti majanini, akaielekeza simu yake kwenye ua dogo la rangi ya zambarau. Wenzake walimcheka. Nasi tuliokuwa viongozi tulimhimiza ainuke upesi, kwa kuwa gari lilikuwa linangoja. Leo tunakiri kwamba tulikosea.

Jioni ile binti alimwonyesha babu yake picha hiyo. Mzee huyo alifanya kazi mgodini miaka mingi. Aliitazama kwa kitambo, kisha akasema: «Mahali hapo pana shaba.»

Mzee hakubahatisha. Lile ni ua la shaba, ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa miti, na ndiyo sababu vilima vya namna hiyo huonekana kama vipara katikati ya msitu wa miombo. Mmea huu mdogo huvumilia udongo ule na kusitawi mahali ambapo mingine hushindwa. Watafutaji wa madini waliufuata ili wapate shaba. Umewasaidia hata wachimbuaji wa mambo ya kale, maana huota pia mahali ambapo wazee wetu wa zamani waliyeyusha shaba na kuifanya misalaba iliyotumika kama fedha, karne nyingi kabla ya mji wetu kuanzishwa mwaka 1910.

Tena hauko peke yake. Kuna Crotalaria cobalticola, yenye maua ya manjano, ambayo jina lake lenyewe linataja kobalti. François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefundisha hapa Lubumbashi, na wenzake waliomfuata, wameorodhesha mamia ya aina za mimea kwenye vilima vyetu vya shaba. Takriban 30 kati yake hazioti mahali pengine popote duniani. Vilima hivyo vikiisha, mimea hiyo haina pa kukimbilia.

Mwaka huu tulipita tena njia ile. Tulikuta uzio na mashine, na upande mmoja wa kilima umekwisha kuondolewa. Hatuandiki haya ili kuwashitaki wachimbaji. Wengi wetu tunakula kwa kazi ya mgodi, na baadhi yenu mmelipiwa masomo kwa mshahara huo. Tunasema tu kwamba, kati ya picha nyingi zilizopigwa siku ile, ni moja iliyoonyesha kile kilichokuwapo. Nyingine zote zinatuonyesha sisi, na sisi bado tupo.

Kwa sababu hiyo tunaamini kwamba picha ni ushuhuda, na shahidi aliyegeuza mgongo hana la kusimulia. Simu haina hatia. Kosa liko katika haraka yetu ya kuonekana kabla ya kuona. Tunazo simuni picha za bustani za Ulaya tulizotumiwa na ndugu walio mbali, nasi tunazisifu. Lakini ua linalopatikana kwetu tu tunalikanyaga, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwamba ni zuri.

Wengine watatujibu kwamba mtu mwenye njaa hana nafasi ya maua. Jibu hilo tunaliheshimu, maana njaa tunaijua. Hata hivyo, piteni katika mitaa yetu. Yuko mama anayeamka alfajiri kwenda sokoni na kurudi jioni akiwa na unga wa siku moja. Mlangoni kwake, ndani ya bidoni iliyokatwa, ameotesha ua, na hulinyweshea maji aliyoyabeba kichwani. Hakungoja kushiba ndipo apende uzuri. Bwana wetu naye, alipotaka kuwaondolea wanafunzi hangaiko la chakula na mavazi, aliwaelekeza kwenye maua ya shamba.

Katika masomo ya ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hajajua jambo mpaka aweze kulieleza kwa maneno yake mwenyewe. Kanuni hiyo inafaa hata kwa picha. Kabla ya kuinua simu, hesabu kwanza petali za ua, angalia mdudu gani analitembelea, gusa udongo wake. Usilichume, maana atakayekuja nyuma yako naye ana macho. Ukirudi nyumbani, uliza wazee jina lake kwa Kisanga, kwa Kibemba au kwa Kiluba, uliandike pamoja na mahali na tarehe. Na ikiwa ua ni la bustani ya mtu, bisha hodi na uombe ruhusa. Yule mama wa bidoni atafurahi kuliko unavyodhani.

Mwezi wa Septemba unakuja. Kiangazi, yaani kipwa chetu, kitakuwa kinaelekea mwisho. Mijakaranda ya barabara zetu, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, itavaa zambarau, na watu watasimama chini yake kupiga picha. Ni vema, mgeni mzuri hupokewa vizuri. Lakini siku hizo hizo, nje ya mji, miombo huchipua majani mapya mekundu kama shaba, kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Nchi za baridi zina majira yao ya maua. Haya ndiyo ya kwetu. Nayo hupungua kila mwaka, kwa kuwa miti hiyo ndiyo tunayoikata kwa ajili ya makala.

Tutakwenda huko pamoja. Tutaomba jambo moja tu: tukifika, simu zikae mifukoni kwa robo saa, kila mtu achague mti mmoja na kuutazama. Baada ya hapo pigeni picha mpendavyo, hata za nyuso zenu. Safari hii gari litangoja. Na yule binti tuliyemharakisha mwaka jana, tumemwomba atutangulie njiani.