Khitma Isipikwe kwa Mali ya Yatima

Mauti ni haki, na kuzikana ni faradhi ya kifaya: wakiitimiza baadhi, jukumu huwaondokea wote, ikiachwa, mji mzima hupata dhambi. Hapa Visiwani, tunamshukuru Mungu, maiti hakosi watu wa kumzika. Linalotutia wasiwasi ni lile lifuatalo baada ya kaburi kufukiwa.

Maziko yenyewe hayana gharama kubwa. Sanda ya mwanamume ni nguo 3, ya mwanamke 5. Huongezeka pamba, kafuri, ubani na mbao. Jeneza ni la msikiti, na kaburi huchimbwa na vijana wa mtaa bila ya ujira. Lakini hufuata khitma, kisha arubaini, na masufuria ya pilau huzidi kwa sababu jirani naye alipika mengi. Mjane akikataa, husemwa; akikubali, hukopa au huweka rehani mikarafuu.

Lipo kubwa zaidi, ambalo wengi hatupendi kulitaja. Sharia imeipangia mali ya marehemu utaratibu wake: kwanza gharama za maziko, pili madeni, tatu wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawiwe. Karamu haimo. Ng'ombe achinjwaye kutoka mali hiyo kabla ya mirathi kugawiwa, ilhali miongoni mwa warithi wamo watoto wadogo, ni ng'ombe wa yatima. Na Sura ya An-Nisaa imewaonya vikali walao mali ya yatima kwa dhulma. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula. Sisi tumeligeuza jambo hili: wafiwa ndio wapishi.

Watakuwapo wasemao kuwa kupunguza pilau ni kumvunjia marehemu heshima. Sivyo. Kisomo na dua havihitaji sufuria, na mtu mzima atakaye kulisha watu kwa mali yake mwenyewe hakuna amkatazaye.

Basi tujipange tungali hai. Kila shehia iwe na mfuko wa maziko: kila nyumba itoe kidogo kila mwezi, sanda na mbao ziwekwe tayari, na daftari la fedha lisomwe hadharani. Kila mwenye mali aandike wasia wake na madeni yake, na aseme wazi kuwa hataki karamu. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana iwafikie masheha na kuwafunza haki za warithi wadogo. Na maiti aliyefia Unguja ambaye kwao ni Pemba awekewe nauli maalumu, nafuu na inayojulikana, wafiwa wasihangaike bandarini.

Viongozi wa Chama na Serikali tuanze sisi, kwani khitma za wakubwa ndizo ziigwazo na wadogo. Akiba haiozi, na akiba iliyo bora ni ile itakayomsitiri marehemu bila ya kuwavua nguo watoto wake.