Entebbe na Nairobi: Safari ya Saa Moja Inayokula Nusu Siku

Kutoka kiwanja cha ndege cha Entebbe, nchini Uganda, hadi kiwanja cha Jomo Kenyatta, mjini Nairobi, ni umbali wa kilomita zipatazo 520 kwa njia ya anga. Ndege huumaliza kwa muda wa saa moja na dakika chache. Basi litokalo Kampala kwenda Nairobi hupita zaidi ya kilomita 600, na abiria wake aghalabu hukesha njiani. Kwa hesabu hiyo, mtu angedhani kwamba majirani hawa wamekwisha kuushinda umbali. Je, ndivyo mambo yalivyo?

Hebu tumfuate msafiri. Entebbe iko kiasi cha kilomita 40 kutoka Kampala, na abiria hutakiwa kuwasili kiwanjani mapema kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Akishuka Nairobi humngoja foleni ya uhamiaji, mizigo, na msongamano wa magari. Si ajabu safari nzima ikachukua saa sita. Ni kweli kwamba jitihada zimefanywa. Barabara mpya ya Kampala na Entebbe ilifunguliwa mwaka 2018, na ile ya haraka ya Nairobi mwaka 2022. Aidha, tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa.

Lakini kikwazo kikubwa kwa mwananchi wa kawaida ni nauli. Ndege hutumia mafuta mengi inapopaa, na katika safari fupi gharama hiyo huangukia kilomita chache. Juu yake huongezwa ada ya abiria wa nchi za nje, ambayo haimtofautishi anayekwenda kwa jirani na anayekwenda ng'ambo ya bahari.

Mambo hayakuwa hivi daima. Tangu mwaka 1946 nchi hizi zilitumia shirika moja la ndege, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, hadi lilipovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Kila nchi ikashika njia yake. Shirika la Uganda lilifungwa mwaka 2001, na lilipofufuliwa Agosti 2019, safari yake ya kwanza ya abiria ilikuwa ya Nairobi. Jirani ndiye aliyekumbukwa kwanza.

Jumuiya nayo ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999, mwaka ule ule ambao nchi za Afrika zilikubaliana huko Yamoussoukro kufunguliana anga. Makubaliano hayo hayatakuwa na maana kwa mfanyabiashara, mgonjwa au mwanafunzi mpaka ada zipungue na safari kati ya majirani ihesabiwe kuwa safari ya ndani. Rubani amekwisha kuifanya kazi yake kwa saa moja. Zilizobaki zimo mikononi mwa serikali zetu.